Hii sarafu ni ya Mgiriki au ya Mrumi? Tuongelee hela za kipindi ambacho mpaka kati yao haukuonekana

Kuna aina moja ya sarafu ambayo picha yake ikiwekwa tu mbele ya watu, ubishi unaanza. Ni kipande kinene cha fedha, upande wa kichwa kuna kijana nywele zimepeperukia nyuma na pembeni ya sikio kajikunja pembe ya kondoo dume, ukigeuza unakuta rungu limesimama katikati, kushoto kwake kibweta cha kuwekea hela na kulia kiti, vyote vimezungushiwa shada la majani. Mmoja anasema hiyo ya Kigiriki, si unaona herufi zilizo chini ya kichwa ni za Kigiriki, mwingine anasema we vipi, upande wa pili si pameandikwa Kilatini hapo juu, AESILLAS, hiyo ni Roma. Wa tatu anaingia anauliza bei maana babu yake kaacha senti kumi za mkoloni zile zenye tundu katikati, na kasikia vitu vya kale vinauzwa mamilioni.

Hao wawili wa mwanzo wote wako sahihi. Huyo wa tatu tutamfikia.

Kwanza majina, maana bila hayo tutapotezana. Humu nikisema fedha namaanisha yale madini meupe, pesa nitaiita hela. Drakma ni sarafu ya Kigiriki, kwa kipimo cha Athens ilikuwa na gramu 4.3 hivi. Tetradrakma ni drakma nne kwenye kipande kimoja, gramu 17 na kidogo, ukiishika unajua umeshika kitu. Dinari ni ya Warumi, ilianza na gramu kama 4.5 ikaja kushuka mpaka karibu 3.9, kwa hiyo baadaye watu wa mashariki waliona rahisi tu kuhesabu dinari moja ni drakma moja. Na miaka ya KK, kabla ya Kristo, inahesabiwa kurudi nyuma, 211 KK imetangulia 168 KK, hapo watu wengi wanajichanganya halafu hadithi yote inakaa kichwa chini.

Kipindi chenyewe tunachoongelea ni kama kuanzia 280 KK hivi, Roma inapoanza kutoa sarafu za fedha, mpaka 30 KK anapokufa Cleopatra na Misri inaingia mikononi mwa Roma. Karibu miaka 250. Ndo maana ukisikia mtu anasema "Warumi walipochukua hela ya Wagiriki" kana kwamba ni jambo la wiki moja, ujue kuna kitu hajakisikia vizuri.

Mfalme kafa, sarafu inaendelea

Wagiriki hawakuwa nchi moja. Kila mji ulikuwa na sarafu zake na picha zake, Athens walikuwa na bundi na kichwa cha Athena, fedha yao ikitoka migodi ya Laurion hapo hapo kwao. Aleksanda Mkuu alipozitawala nchi zote zile alichapa tetradrakma zenye kichwa cha Heracles kavaa ngozi ya simba, nyuma Zeus amekaa kwenye kiti na tai mkononi. Alikufa 323 KK. Lakini zile sarafu zenye jina lake hazikufa naye, miji mbalimbali iliendelea kuzichapa kwa zaidi ya miaka 200 kwa sababu moja tu, mfanyabiashara alikuwa anaijua ile picha na akiiona hana haja ya kuuliza maswali.

Hili jambo sisi wa pwani si geni kwetu kabisa. Ile riale ya Maria Theresa iliyokuwa inatembea Zanzibar, Omani, Yemeni mpaka Ethiopia, yule mama mwenyewe wa Austria alifariki 1780 na sarafu imeandikwa 1780, halafu ikaendelea kuchapwa na mwaka ule ule miaka nenda rudi, mpaka 1935 Mussolini akiwa anataka kuivamia Ethiopia akahakikisha mihuri yake inapelekwa Roma azichape yeye, na Waingereza wakaona isiwe tabu nao wakaanza kuzichapa London. Wafanyabiashara walikuwa wanahesabu zile lulu ndogo kwenye mapambo yake kabla ya kuipokea. Ungewaletea riale yenye picha nzuri zaidi na fedha safi zaidi wasingeitaka, walichotaka ni ile ile waliyoizoea. Ukishaelewa riale, hii habari ya Wagiriki na Warumi nusu yake umeshaielewa.

Roma ilichelewa

Watu wanashangaa wakisikia hili. Roma kwa muda mrefu haikuwa na sarafu za fedha. Walitumia shaba, tena mwanzoni mapande tu yasiyo na umbo yanayopimwa kwenye mizani, baadaye masarafu makubwa ya kumwagwa kwenye kalibu. Walipoanza kutoa za fedha, kusini mwa Italia kwenye miji ya Wagiriki, walitoa za uzito wa drakma mbili kwa staili ya Kigiriki kabisa, kitu pekee cha Kirumi ni neno ROMANO lililoandikwa juu yake. Yaani Mrumi kaingia sokoni kavaa nguo ya kuazima.

Kilichowabadilisha ni vita. Hannibal, jemadari wa Karthago, alivuka milima akaingia Italia 218 KK, Roma ikapigwa mara kadhaa vibaya, hela ikawaishia, ile sarafu yao ya fedha ya wakati ule yenye gari la farasi wanne ikaanza kuchanganywa shaba mpaka ikawa aibu. Halafu 212 KK wakauteka mji wa Syracuse kule Sicily, mji wa Kigiriki uliokuwa na mali nyingi (ndo siku zile alizouawa Archimedes, yule mwanahisabati), na muda si mrefu ikatokea dinari. Upande wa kichwa mungu wao wa kike Roma kavaa helmeti, nyuma ya kichwa alama X kumaanisha inalingana na sarafu 10 za shaba, upande wa pili mapacha wawili juu ya farasi.

Tarehe ya dinari ya kwanza wataalamu waligombana nayo sana kwa sababu mwandishi wa Kirumi Pliny aliandika mwaka ambao ukihesabu unaangukia 269 KK, na kuna waliosema hapana, ni baada ya 190 KK. Waliokuja kuwanyamazisha ni wachimbaji wa mambo ya kale kwenye mji wa Morgantina, Sicily. Mji ule ulitekwa na kuharibiwa na Warumi 211 KK, na chini kabisa ya kifusi cha uharibifu ule zikakutwa dinari na vipande vyake vidogo, mbichi mbichi hazijachakaa. Kwa hiyo dinari ilikuwepo 211 KK na ilikuwa mpya. Mimi huwa nawaambia watu, hapa ndo utaona kwa nini sarafu iliyochimbwa kienyeji usiku na kuuzwa bila maelezo ni hasara hata kama yenyewe ni nzuri, maana zile za Morgantina zingeokotwa na mtu akaenda kuziuza leo bado tungekuwa tunabishana.

Na wakati huo huo wa dinari kuna ndogo yake inaitwa viktoriato, gramu 3 na kitu, fedha yake siyo safi sana, haina alama ya thamani, na uzito wake uliwalenga watu waliozoea kuhesabu kwa drakma. Mrumi kajichapia dinari ya matumizi yake, na pembeni kachapa nyingine ya kuwalipa wanaohesabu Kigiriki. Wakusanyaji wengi wanairuka hii, mimi naona ni kati ya vitu vizuri zaidi vya kipindi chote na bei yake haitishi.

Sasa ubishi wenyewe

Turudi kwa kijana mwenye pembe. Huyo ni Aleksanda, pembe ni ya mungu Amoni wa Misri ambaye Aleksanda alijihesabu mwanawe. (Kuna wanaoiona hiyo pembe wakamkumbuka Dhulqarnain, huo mjadala nawaachia masheikh.) Makedonia, nchi ya Aleksanda, ilipigwa na Roma kwenye vita vya Pydna 168 KK na mfalme wao Perseus akachukuliwa mateka. Ungetegemea kesho yake zije dinari. Haikuwa hivyo. Warumi waliigawa nchi vipande vinne, wakaifunga migodi ya dhahabu na fedha, migodi ikafunguliwa tena 158 KK, halafu tunaona tetradrakma nyingi za kipande cha kwanza ambacho makao yake yalikuwa Amphipolis: ngao ya Kimakedonia yenye kichwa cha Artemi katikati, nyuma rungu ndani ya shada la majani ya mwaloni, maandishi yote Kigiriki. Ukiitafuta Roma kwenye sarafu hiyo huioni, wakati bosi ni Roma.

Baadaye sana, kwenye miaka ya 90 mpaka 70 hivi KK, Makedonia imeshakuwa jimbo, anakuja ofisa anaitwa Aesillas, cheo chake kwestori, mtunza hela wa serikali, ndo ile herufi Q iliyo karibu na jina lake. Huyu anachapa tetradrakma zenye sura ya Aleksanda na neno la Kigiriki la "ya Wamakedonia", na upande wa pili anaweka vitendea kazi vyake, kibweta cha hela na kiti chake cha ofisini, katikati kaacha rungu la Heracles. Zinakutwa kwa wingi upande wa Thrakia, Bulgaria ya leo. Mtu wa Thrakia alikuwa hamjui Aesillas wala hana habari naye. Aleksanda alikuwa anamjua.

Kwa hiyo ukiulizwa ni ya nani, jibu ni kwamba mwenye amri ni Mrumi, kipimo na sura ni vya Mgiriki, na mlaji ni mtu wa tatu kabisa.

Ukishaiona hiyo unaanza kuziona kila mahali. Pergamo, Uturuki ya leo, mfalme Attalo wa tatu alikufa 133 KK akaacha wosia ufalme wake wapewe Warumi, na Warumi wakaendelea kuchapa sarafu ile ile ya Pergamo inayoitwa kistofori, gramu 12 na nusu, upande mmoja nyoka anatoka kwenye kikapu na mwingine nyoka wawili wamejikunja, wakawa wanaongezea tu majina ya magavana wao, mmoja wao Cicero yule msemaji maarufu. Syria nayo, jemadari wa Kirumi Pompey aliifanya jimbo 64 KK, halafu magavana wa Kirumi wakachapa tetradrakma zenye uso wa mfalme Filipo ambaye alishakufa zamani, wakiweka kialama kidogo cha jina la gavana, na mchezo huo ulienda mpaka wakati wa Kaisari Augusto. Misri walikuwa na mfumo wa kujifungia, hela ya nje ilikuwa haitumiki ndani, ukifika unabadilisha, na Warumi walipoichukua waliuacha hivyo hivyo kwa miaka mingine zaidi ya 300.

Halafu kuna Tiro, mji wa pwani ya Lebanoni ya leo. Hii ndo inayoleta makelele makubwa kwa watu wa kanisani. Shekeli ya Tiro, gramu 14 hivi, kichwa cha mungu Melkarti mbele na tai nyuma, maandishi ya Kigiriki, ilianza 126 KK na ikaendelea kutoka hata baada ya eneo lote kuwa chini ya Roma, na Hekalu la Yerusalemu lilikuwa linaipokea kwa kodi yake kwa sababu fedha yake ilikuwa safi. Wapo wataalamu wengi wanaoona vile vipande 30 alivyolipwa Yuda vilikuwa vya aina hii, na inaelekea kuwa kweli. Lakini "ya aina hii" na "hii hapa ni mojawapo ya zile 30" ni vitu viwili tofauti, na mtu akikuuzia kwa maneno ya pili huyo anakuuzia mahubiri. Vivyo hivyo dinari ya Tiberio ambayo wauzaji wanaiita ile Yesu aliyoonyeshwa kwenye habari ya kumlipa Kaisari kodi. Injili imetaja dinari na sura ya Kaisari, haikusema ni toleo gani. Jina hilo la biashara linapandisha bei tu.

Kuhusu utajiri wa babu

Sasa yule wa tatu. Watu wanadhani umri ndo bei. Siyo. Senti kumi za tundu zilichapwa kwa mamilioni na zipo kwenye makopo ya nyumba nyingi Afrika Mashariki nzima. Na hata ya miaka 2,000 inaweza kuwa ya bei ya kawaida, dinari ya Kirumi ya wakati wa jamhuri iliyochakaa unaipata chini ya dola 100, kwa sababu zilichapwa nyingi kupita kiasi na zikafukiwa kwenye mitungi wakati wa vita na wenyewe hawakurudi kuzichukua. Jemadari wa Kirumi Marcus Antonius kabla ya kupigana na mpinzani wake Octavian (ndo Kaisari Augusto wa baadaye) kule Actium, Ugiriki, 31 KK alichapa dinari za kulipa wanajeshi wake, meli mbele, tai na bendera za jeshi nyuma na namba ya kikosi, fedha akaipunguza ubora, na matokeo yake watu wakawa hawataki kuziyeyusha, zikabaki mikononi miaka zaidi ya 200. Ndo maana leo nyingi zimesuguliwa mpaka meli inaonekana kama ndizi. Bundi wa Athens ni mzuri na kila mtu anamtaka, kwa hiyo anaenda mamia ya dola mpaka elfu na zaidi, ingawa wala si adimu.

Bei inatengenezwa na wangapi wanaitaka, ziko ngapi, hali yake, na karatasi zake. Hicho cha mwisho ndo kimekuwa kikubwa siku hizi. Mwaka 2020 London iliuzwa sarafu ya dhahabu ya Brutus, ile ya kusherehekea kuuawa kwa Julius Caesar yenye visu viwili, zaidi ya pauni milioni 3, baadaye ikagundulika historia ya umiliki wake ilikuwa ya kutunga, na 2023 ikarudishwa Ugiriki. Kama kwenye mnada wa kiwango kile imewezekana, fikiria mtu anayekutumia picha tatu zenye ukungu kwenye simu.

Kwa wenzetu wanaokwenda Istanbul kuchukua mizigo ya nguo, hili liwaingie vizuri. Ukitembezwa kwenye magofu ya Efeso kuna vijana watakusogelea na sarafu kwenye kitambaa, wanaongea kwa sauti ya chini. Nyingi ni feki za kumwaga, na hiyo ndo bahati yako, kwa sababu ikiwa ya kweli ukakutwa nayo uwanja wa ndege ni kesi, Uturuki kutoa vitu vya kale nje ya nchi ni jinai. Na huku kwetu pia, ukiokota sarafu ya masultani wa Kilwa ukiwa unatembea ufukweni hiyo siyo mali yako ya kuuza, Tanzania ina sheria ya mambo ya kale tangu 1964.

Nimesikia pia wanaodai pwani yetu imejaa sarafu za Kirumi chini ya mchanga kwa sababu Warumi walikuwa wanakuja Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu. Kile kitabu cha mabaharia cha karne ya 1 BK, Periplus, kimeorodhesha bidhaa zilizoletwa Rhapta: mikuki, mashoka, visu, vitu vya vioo. Sarafu hazimo. Ila kwa India kinasema pale bandari ya Barygaza bado zilikuwa zinatembea drakma za zamani zenye herufi za Kigiriki za wafalme Apollodotus na Menander, waliotawala zaidi ya miaka 150 nyuma. Unaona tena lile jambo la riale.

Kujua feki hakuhitaji maabara kwa hatua za mwanzo. Sarafu za wakati ule zilichapwa kwa nyundo, kipande cha fedha kinawekwa juu ya muhuri mmoja, muhuri mwingine juu, pigo. Kwa hiyo kutokuwa duara kamili siyo kasoro, ni kama chapati za mkono, ukiona kumi zote zinalingana mpaka ufa wa pembeni hapo ndo uogope. Feki ya kumwaga ina vijitundu vya mapovu, kingo za herufi zimelainika kama sabuni iliyotumika, na mara nyingi mstari mwembamba umezunguka ukingoni zilipokutana kalibu mbili. Pima uzito, tetradrakma ya Athens inayokuja na gramu 13 haina maelezo. Halafu kuna feki za zamani zile zile, shaba ndani fedha imefunikwa juu, walizotengeneza matapeli wa enzi hizo, na hizo wakusanyaji wananunua kabisa. Ndo sababu utakuta sarafu nyingi zina mkato wa patasi, mtu wa kale alikuwa anaangalia ndani kama ni fedha. Kuna hata dinari zilizochongwa meno pembeni toka zinatengenezwa, na mwandishi wa Kirumi Tacitus kaandika kwamba Wajerumani walikuwa wanazipenda hizo.

Ukishaipata usiisugue. Majivu, ndimu, dawa ya meno, stilwaya, vyote weka mbali, ule weusi umechukua karne kujijenga na mnunuzi mzoefu akiona fedha inametameta kama kijiko anapunguza bei hapo hapo.

Mtu anayetaka kuanza nisingemwambia akimbilie bundi. Ningemwambia atafute viktoriato moja iliyochakaa kiasi, dinari moja ya kikosi cha Antonius, na akipata nguvu kistofori moja, kwa muuzaji anayetoa risiti yenye jina, uzito na sarafu ilikuwa kwa nani kabla. Halafu aingie kwenye kumbukumbu za mtandaoni za American Numismatic Society, ni bure, alinganishe picha ya yake na zilizopo kule kabla hajatuma hata shilingi. Na muuzaji akiulizwa ina gramu ngapi akajibu "nzito", mazungumzo yaishie hapo.